Mluzi Wangu na Paka wa Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mpaka basi. Sogezeni bao pembeni niwasimulie mwenyewe, maana kesho mtayasikia kwa wanawake wa kisimani, na wao watatia chumvi. (Ingawa sioni hata pa kuitia.)

Rova mnamjua. Yule mbwa wangu mwekundu mwenye masikio ya kuning'inia, niliyekuja naye kwa miguu kutoka Nachingwea, Wazungu wa mashamba ya karanga walipofunga kambi. Mimi nilikuwa dobi pale. Bwana wangu alipofungasha arudi kwao akasema mbwa hapandi meli, atampiga risasi. Nikamwambia, "Bwana, nipe mimi." Akanipa, na kamba yake.

Sasa mimi naishi ukweni, kama desturi yetu ilivyo. Umemwoa binti, unahamia kwao, unalima kwao, na ukiboronga unafungasha vyako. Mama mkwe wangu ni mtu wa dini na wa heshima za zamani. Hatusemezani. Tangu nimwoe Zuhura, mama hajaniambia neno uso kwa uso. Yote hupitia kwa mke wangu: "Zuhura, mwambie mwenzio paa linavuja." Nami nimekaa hapo hapo, nasikia kila kitu.

Nilipofika na mbwa, ikaja hivi: "Zuhura, mwambie mwenzio humu tunaswali. Tena mimi nina paka wangu."

Paka huyo anaitwa Sijali. Dume nene, jeupe, linatembea kama jumbe anayekagua mashamba. Kazi yake ni kulinda mbegu za karanga ghalani zisiliwe na panya, na usiku hulala kitandani kwa mama. Ukimgusa Sijali, umemgusa mama.

Basi nikamjengea Rova kibanda kule mwisho wa shamba, alinde mazao na nguruwe, uwanjani asikanyage. Na akalinda! Msimu uliopita nguruwe walitumalizia mihogo, watu wakasema Zuhura kaolewa na mfua nguo, hajui shamba. Msimu huu nguruwe wanapita mbali. Nilianza kusalimiwa vizuri, wallahi. Kila jioni nampelekea Rova ukoko wa ugali, nakaa naye kidogo, namweleza mambo yangu. Yeye hanijibu kupitia kwa mtu.

Leo baada ya adhuhuri akaja Mjomba, kaka yake mama mkwe. Huyo ndiye mwenye kauli ya mwisho pale nyumbani. Kanzu imenyooka, kofia safi, anangoja alasiri aende msikitini. Wakanong'ona na dada yake. Kisha: "Zuhura, mwambie mwenzio amlete huyo mbwa, Mjomba amwone. Tujue moja, anabaki au anaondoka."

Kuku wakafungiwa. Nikamleta Rova na kamba yake, nikamlaza mbali na watu. Mama mkwe alikuwa kwenye jamvi, kajitanda kanga, anabangua karanga za mbegu. Pembeni kaanika unga wa muhogo, na msala wake umetandikwa kivulini. Sijali yuko juu ya kinu kilichopinduliwa, anajilamba mguu.

Mbwa akamtazama paka. Paka akamtazama mbwa. Rova akapiga miayo, akageuzia uso upande wa pili. (Sikujua kuwa paka aliyekaa si windo. Windo ni paka anayekimbia. Hilo nimelijua leo, nimechelewa.)

Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mbwa mpole huyu. Na shamba limepona. Mimi naona abaki."

Mama mkwe naye, chini ya kanga yake: "Zuhura, mwambie mwenzio abaki naye."

Imekwisha! Nimeshinda! Hapo mtu mwenye akili angesema ahsante, akakokota kamba yake akaenda zake. Lakini Mjomba akauliza, kuuliza tu, "Na anakusikia?"

"Ananisikia, Mjomba? Huyu anasikia kuliko askari! Ngoja uone."

Mdomo huu, jamani. Mdomo uliponza kichwa, nao ni huu huu.

Nikafungua kamba. Nikapiga mluzi wa Bwana, mmoja mrefu, miwili mifupi. Shambani siupigi kabisa, namwita kwa jina tu. Huu niliuweka akiba kwa siku ya kujionyesha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa liko hapa. Kule kambini mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo. Nasikia Bwana anapiga mluzi huko porini, halafu namwona Rova anarudi mbio. Nikajua basi, mluzi ule maana yake ni "njoo". Kwamba kila akirudi ana kwale au sungura mdomoni, hilo sikulitilia maanani. Mluzi ule ulikuwa wa kumtuma, si wa kumwita!

Rova akasimama wima. Mguu mmoja juu, mkia umenyooka. Sijawahi kumwona hivyo. Akatafuta huku, akatafuta kule, kitu cha kuleta. Na Sijali, aliyeshtushwa na mluzi, akaruka kutoka kwenye kinu akakimbia.

Loo!

Wakazunguka jiko. Nikasikia debe, nikasikia chungu. "Rova! Rova!" Asikie nini, na kazi nimempa mwenyewe? Mama mkwe akapiga kelele, "Yarabi, Sijali wangu!" Kisha kukawa kimya nyuma ya jiko. Zuhura akanitazama. Nikaanza kufikiria nguo zangu zitaingia kwenye mzigo mmoja au miwili.

Rova akatokea anatembea polepole, kwa madaha, na Sijali mdomoni. Mzima! Hana hata mkwaruzo, macho tu yamemtoka, miguu inaning'inia, amelowa mate kutoka shingoni hadi mkiani. Rova akaja mpaka kwangu, akaniwekea paka mikononi taratibu. Akakaa chini. Akanitazama usoni, anangoja asifiwe.

Nami mjinga nikasema, "Mnaona? Hata hakumuuma."

Hapo Sijali akapata fahamu. Akanichana hapa, tazameni. Akaruka kifuani kwa Mjomba, kwenye kanzu. Kutoka kwenye kanzu akapita katikati ya unga. Kutoka kwenye unga akakanyaga msala, kisha akajitupa mapajani kwa mama mkwe na kujifuta yale mate yote kwenye kanga yake.

Mate ya mbwa, jamani. Kila alipopita paka, najisi.

Mjomba akasimama, mikono kaiweka mbali na kanzu yake mwenyewe. "Astaghfirullah. Mkwe, osha mara saba. Moja ya udongo."

Unga umemwagwa. Kanzu nimefua mimi, msala mimi, kanga, jamvi. Na maji nimechota mimi, wanaume wenzangu, debe kichwani, kisimani, mbele ya wanawake. Wakaniuliza, "Kulikoni, Zuhura anaumwa?" Nikasema ndiyo. (Mungu anisamehe, na Zuhura pia.)

Nikadhani nimemaliza. Mjomba, amevaa shuka la kuazima, akaniuliza, "Na paka?"

"Paka naye, Mjomba?"

"Kwani analala wapi?"

Nimefua mashuka ya Wazungu miaka na miaka. Sijawahi kufua paka. Leo nimemfua, mara saba, mkupuo mmoja kwa udongo, na majirani wamejaa uani kama kwenye ngoma. Mtoto mmoja akauliza kama nitampiga na pasi.

Nilikuwa kwenye mkupuo wa mwisho mama mkwe aliponijia. Alisimama mbele yangu kabisa. Zuhura alikuwepo, lakini hakumtuma.

"Saidi, mwanangu," akasema. "Umehangaika. Lakini mbwa aende."

Miaka yote hii nimetamani mama yule aniite mwanangu. Ameniita leo, na hayo ndiyo aliyoniambia. Nikasema, "Sawa, mama." Hata hakuwa amekasirika. Angekasirika ningepata la kujitetea.

Rova alikuwa bado amekaa pale pale, vumbini. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemsifu. Aliponiona akapiga mkia chini, mara moja tu. Nilitaka kumshika kichwa, nikakumbuka nimeshanawa. Nikampita. Hilo ndilo linaloniuma, si kucheka kwa watu.

Kesho asubuhi nampeleka Narung'ombe, kwa Mathayo mwindaji, rafiki yangu wa kambini. Kwake hakuna paka, na nguruwe wamejaa. Atafurahi, najua. Ila sijui ukoko nitampelekea nani jioni.

Mkituona njiani, chekeni mnavyotaka, nimestahili. Ila jamani, nawaomba, asipige mtu mluzi.