Timu Mbili za Drafti

Jumatatu, 3 Juni
Baba mkwe ametoa tamko. Jumamosi atacheza drafti na kompyuta yangu. Ikifungwa, hiki chumba changu hapa nyumbani kwake kinakuwa stoo yake ya saruji. Eti mkwe asiye na kazi anaweza kufikiria hata akiwa uani. Ataona! Nimeunda timu mbili za wachezaji ndani ya kompyuta, Wekundu na Weusi, wapambane wenyewe kwa wenyewe. Kila ushindi una pointi. Katika kila timu, wenye pointi chache nawafuta. Wenye pointi nyingi wanazaa watoto wanaofanana nao, wenye tofauti kidogo. Mimi nakaa tu.

Jumanne, 4 Juni
Wekundu wanashinda kila mchezo! Nimeshangilia mpaka mke wangu akaja. Akauliza Weusi wana pointi ngapi. Sifuri, wote. Akasema basi sitajua nani kati yao ana afadhali, na Wekundu nao hawajifunzi lolote kwa kupiga vibonde. Eti niwapunguze Wekundu makali kidogo. Binti wa mzee yule! Anatetea saruji.

Jumatano, 5 Juni
Wekundu wamedumaa. Nimebuni dawa yangu mwenyewe: sare nayo ina pointi nono. Kufikia jioni timu zote zinasogeza kingi mbele na nyuma, mbele na nyuma. Hakuna anayemla mwenzake. Amani tupu! Mke wangu anasema wamekula njama.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeondoa pointi za sare. Sasa moto! Wekundu wanapata mbinu, Weusi wanapata dawa yake, Wekundu wanahamia nyingine, mwishowe wote wamerudi palepale pa asubuhi. Mke wangu akanisihi niwatunze mabingwa wa zamani, vijana wapimwe nao wasije wakasahau. Nikamjibu hapa si nyumba ya wazee. Nimewafuta. Kompyuta imekuwa nyepesi kweli.

Jumamosi, 8 Juni
Mzee akaanza na mtego wa kitoto: toa kete moja, ule tatu. Bingwa wangu akaingia mzima mzima. Hajawahi kuuona! Baba mkwe akaniambia pole, mkwe wangu mpendwa, kisha akauliza kama kompyuta ilikuwa imekula. Mifuko ya saruji ilikuwa tayari mlangoni.

Jumapili, 9 Juni
Kompyuta iko chumbani kwetu, juu ya meza ya vipodozi. Mke wangu kakubali, ila safari hii nimsikilize. Nimetafakari kwa utulivu. Kosa lilikuwa ushindani. Weusi walikuwa wanawavuruga Wekundu kila walipoanza kunoga. Nimewafuta Weusi wote. Wekundu wanacheza peke yao, na hawajafungwa hata mara moja! Nimempigia baba mkwe simu kudai marudiano. Akinifunga, achukue na chumba cha kulala.