Panga Lisilohisi Hewa

Jumatatu, 4 Machi
Fyuuu! Sauti hiyo imenifuata kutoka maabara hadi nyumbani. Inatoka kwenye feni yangu. Nimetoboa matundu arobaini kwenye panga lake moja, kila tundu na mrija wake mwembamba hadi kwenye kipimo, nijue hewa inakandamiza wapi na kwa nguvu gani. Kazi ya miezi mitatu. Sasa tundu moja linapiga mluzi. Rula, jirani yangu wa meza anayepima hata penseli zake, kauliza chai itaiva saa ngapi, eti feni yangu ni birika. Wote wakacheka. Nami nikacheka, kuwashinda wote. Moyoni moto.

Ijumaa Mzee, mkuu wa maabara, anaamua nani akabidhiwe feni kubwa mpya. Mimi au Rula.

Jumanne, 5 Machi
Dawa imepatikana! Rangi ya mafuta, nyekundu. Tabaka mbili. Mluzi kimya! Panga linameremeta kama kucha za bibi harusi. Rula kakodoa macho. Wivu huo.

Jumatano, 6 Machi
Ajabu. Matundu yote arobaini yanasoma sifuri. Mtu wa kawaida angedhani kuna kosa. Mimi nimetafakari saa nzima, nikaelewa: nimegundua panga lisilohisi hewa! Nimemwandikia Mzee ripoti, kurasa kumi na moja. Nimependekeza na jina la ugunduzi. Langu.

Alhamisi, 7 Machi
Mzee kaja na ripoti mkononi, kawasha feni. Kurasa zote kumi na moja zikaruka hadi dirishani. Akaniuliza taratibu: mwanangu, kama hakuna mgandamizo, hizi zimepeperushwa na nini? Nikaomba muda wa kufikiri. Rula hakuhitaji muda. Kakwangua rangi kwa ukucha, tundu likachomoza. Aibu! Mzee kacheka mpaka kavua miwani. Kanipa hadi kesho saa sita niyazibue yote.

Nimemwomba Mama sindano. Kasema ni ya vifungo, si ya mafeni, na nikiivunja nitafute pa kulala.

Ijumaa, 8 Machi
Matundu arobaini wazi! Sindano imepinda, Mama bado hajui. Vipimo safi: upande mmoja hewa inasukuma, wa pili inanyonya. Mluzi nao umerudi. Rula kapitisha msasa kwenye ukingo wa tundu mara moja tu. Kimya! Nikamuuliza mbona hakusema tangu Jumatatu. Eti hukuuliza, dada.

Feni kubwa ni yangu! Mzee kasema aliyezibua arobaini kwa sindano ya vifungo ana subira. Ila kanionya: rangi ni mwiko.

Jumatatu, 11 Machi
Feni kubwa imetobolewa matundu mia mbili kiwandani, ila ni ya kijivu. Kijivu cha kuliza. Nimelitafakari sana onyo la Mzee. Bila shaka alimaanisha rangi inayoingia kwenye matundu. Basi leo nimewahi kabla ya wote, nimeipaka bluu. Halikuingia hata tone: matundu yote mia mbili nilitangulia kuyaziba kwa gundi. Ile ya chuma, isiyobanduka.