Salamu ya Shingoni

Serikali ilitangaza, kwa furaha kubwa, kwamba kuanzia mwaka huo wa fedha hakuna raia atakayeruhusiwa kuogopa kitu ambacho hakijakaguliwa. Ikaundwa Idara ya Udhibiti wa Hofu. Ikapewa jengo, muhuri na Mkurugenzi.

Mkurugenzi alistahili. Kwenye wasifu wake aliandika kwamba Kiesperanto anakizungumza kama maji, lugha aliyoichagua kwa busara, maana hakuwahi kukutana na mtu wa kumbishia. Waziri mwenyewe ndiye aliyemfanyia usaili kwa lugha hiyo. Walibwabwaja wee, kila mmoja akimtikisia mwenzake kichwa, mpaka Waziri akasema, "Safi sana," na kazi ikapatikana.

Kumbe mjini kulikuwa na jumba la sinema lililoonyesha kila Jumamosi filamu ile ile ya kutisha, ya Kiesperanto tupu. Watu walikwenda wamejitanda mashuka meupe, wakapiga kelele pamoja na mzimu wa kwenye filamu. Hofu ya kienyeji kabisa, isiyo na kibali! Waziri akaamua kwenda kuikagua, na Mkurugenzi amtafsirie.

"Si useme tu hukijui, Baba Pacha?" mkewe alimwambia, akimfunga tai.

"Nikisema sikijui, kile kiti cha kuzunguka atakikalia nani?"

"Anayekijua."

"Wewe mwanamke una roho mbaya."

Walikaa safu ya mbele. Kwenye skrini, karani wa ofisi fulani alikuwa amelalia meza yake. Kabati likafunguka lenyewe, akatoka mwanamke mweupe pee, macho yanatiririka damu, akanguruma.

"Anasemaje?" Waziri akanong'ona.

"Anasema, asante kwa huduma nzuri, Mheshimiwa."

"Na hiyo damu?"

"Machozi ya furaha. Kwao ndivyo yalivyo."

Mzimu ukamkaba karani koo. Ukumbi mzima ukapokea maneno ya mzimu kwa sauti moja, neno kwa neno. Mkurugenzi jasho likamtoka. Mungu wangu, wote hawa wanakijua! Akageuka kwa mshonaji aliyekuwa akiongoza kelele safu ya pili. Alimfahamu: Idara ilimzuia kuweka dirishani sanamu ya kuvalishia nguo, kwa sababu haina kichwa.

"Dada, unaelewa wanachosema?"

"Hata neno moja, kaka. Ningeelewa ningeogopa nini?"

Moyo ukamtulia tuli. Waziri alipouliza habari za kukabana, akajibu kwa raha zake, "Ni salamu, Mheshimiwa. Raia anamshika mtumishi shingo kumpa heshima. Akilegea vile, ameridhika."

Waziri akapangusa jicho. "Hii siyo filamu ya kutisha. Hii ni semina!"

Waraka ukatoka: raia yeyote atakayefika ofisi ya umma ampe mtumishi salamu ya shingoni, na mtumishi aipokee kwa tabasamu. Uzinduzi ukafanyika pale pale Idarani, mbele ya Waziri na kamera. Foleni ilizunguka jengo, wengine wamekuja na mashuka yao.

Wa kwanza alikuwa mshonaji. "Za kazi, Mkurugenzi? Sanamu yangu vipi?"

"Inashughulikiwa."

"Haya, nikusalimie."

Mkurugenzi akaiona mikono ile, iliyozoea kukata turubai kwa mkasi mkubwa. "Ngoja! Ngoja kwanza, hii siyo..."

"Siyo nini?" Waziri akamkazia macho. "Si wewe uliyetafsiri?"

Kiti cha kuzunguka kikampitia mbele ya macho.

"Siyo itifaki, Mheshimiwa. Mkubwa ndiye anayeanza kusalimiwa."

Foleni ikamgeukia Waziri.

"Mimi? Hebu tafsiri tena, vizuri."

"Mheshimiwa, wewe ndiye uliyenisaili. Kama nimekosea neno, nisahihishe hapa hapa, wananchi wasikie."

Waziri akafungua kinywa. Akaitazama kamera. Akakifunga. Kisha, kwa heshima ya taifa, akalegeza tai mwenyewe.

"Karibuni," akasema.

"Usiende mbali, kaka," mshonaji akamwambia Mkurugenzi, akipandisha mikono ya gauni lake. "Nikitoka hapa nakuja kwako."

Taarifa ya habari ilieleza kwamba Waziri aliridhika sana, hata ikabidi abebwe. Mkurugenzi naye aliridhika muda mfupi baadaye, juu ya kiti chake, baada ya kuzungushwa kidogo. Kibali cha sanamu kilitoka siku ile ile.