Tumbo la Waziri

Jumamosi, 4 Oktoba

Waziri anaumwa tumbo. Waziri ni farasi. Nusu yake ni yangu, nusu ni ya Ghulamabbas wa Thornhill, rafiki yangu tangu tukiwa vijana Tanga, kabla hatujahamia huku ughaibuni. Yeye humwita Sultani. Farasi mwenyewe haitiki jina lolote, anaitika ndoo tu.

Ildefonce alinipigia simu nikiwa bado kwenye chai. Ni Mkongo, mwenye banda la farasi kule Caledon tunakomweka Waziri. Akasema farasi anajigaragaza, anageuka kutazama mbavu zake, hataki kula. Akauliza jana nilimlisha nini. Nikasema matufaha mawili matatu. Akauliza tena polepole, mawili matatu? Nadhani alishaiona ndoo.

Lakini Ghulamabbas naye Alhamisi alileta karoti mfuko mzima! Hilo halisemwi. Anataka farasi ampende yeye zaidi.

Daktari wa wanyama akaja, mwanamke mrefu asiyetabasamu. Akampitishia mpira puani hadi tumboni, akamimina mafuta, akamdunga sindano. Ilipofika adhuhuri Waziri akapata choo. Tulishangilia kama timu yetu imefunga. Kisha nikapewa bili. Sikushangilia tena.

Bima tunayo. Swali ni tudai au tusidai.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimeongea na Shenaz. Ni wakala wetu wa bima, na ni mtoto wa dada yake Nazlin, mke wangu. Kwa hiyo ananiita Masa, yaani mume wa khala, na hawezi kunikatia simu.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Sehemu ya kwanza ya bili ni yetu siku zote, kampuni hulipa kinachozidi. Lakini tukidai, mwezi ujao wakati wa kukata bima upya wanaweza kulitoa tumbo. Waziri atakuwa na bima ya miguu, macho, meno, kila kitu ila tumbo. Nikasema basi sidai. Akasema kudai ni hiari, kutoa taarifa si hiari. Farasi akiugua kampuni iambiwe mara moja, tudai tusidai. Tukikaa kimya na akaugua tena, wana haki ya kukataa kila kitu.

Sehemu ya hiari niliisikia vizuri sana.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekutana na Ghulamabbas kwenye mgahawa. Anataka tudai. Anauliza bima tunayolipia kila mwezi ni sadaka? Nikamfafanulia: tumbo la farasi ni ufa, mwenye akili hamwonyeshi jirani ufa wa nyumba yake. Akaniita Fatehalibhai kwa upole uliozidi. Upole wake ndio matusi yake.

Basi nikatoa turufu. Nikasema bili yote nalipa mimi, peke yangu, mradi mambo ya kampuni aniachie mimi.

Alikubali hata kabla sijamaliza sentensi. Nimemshinda! Kahawa pia nililipa mimi.

Jumatano, 8 Oktoba

Wazo zuri limenijia nikinyoa ndevu. Kampuni ikija kujua, ijue ni mguu. Mguu hautishi mtu. Nikampigia daktari, nikamwuliza kama anaweza kuandika kwamba Jumamosi alitibu mguu. Nikamwonyesha mantiki: farasi alijigaragaza, miguu nayo ilihusika.

Akaniomba nirudie taratibu ili ayaandike maneno yangu kama yalivyo. Nikasema simu inakatika. Ikakatika.

Nazlin alikuwa jikoni, akauliza ni nani ninayemfundisha uongo. Nikasema nafanya utafiti.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu ya Shukrani. Nazlin alikuwa na bata mzinga kwenye oveni, amempaka kitunguu saumu na pilipili, nyumba inanukia. Ildefonce akapiga simu. Sauti yake tu ilitosha.

Nilipofika Waziri alikuwa amelowa jasho kwenye baridi ile. Daktari alimpima, akasema safari hii mafuta hayatasaidia, utumbo umejisokota. Ama apelekwe hospitali ya wanyama akapasuliwe leo hii, ama alazwe usingizi wa mwisho. Sikuuliza la pili maana yake nini. Tukampakia kwenye trela, nami nikafuata nyuma na gari langu, njia nzima natazama mkia wake.

Hospitalini daktari wa upasuaji akauliza kama tunaidhinisha. Akauliza kama farasi ana bima. Akauliza pia kama kampuni iliarifiwa alipougua mara ya kwanza.

Nikasema nimsalimie farasi kwanza. Masikio yake yalikuwa ya baridi. Akaniegemeza kichwa kifuani, kizito kama gunia la mchele. Hajawahi kufanya hivyo, hata siku ya matufaha. Nikarudi nikasema mpasueni. Kwa pesa gani, sikujua. Niliwaza gari. Niliwaza bangili za Nazlin, nikamwomba Mungu anisamehe hilo la bangili.

Ghulamabbas akafika na kandambili na soksi. Nikamwambia yote. Kwamba sikuiarifu kampuni, kwamba watakataa kulipa, kwamba farasi wetu yuko mle ndani na bima nimeiua kwa mkono wangu.

Akaketi.

"Niliwaarifu mimi, Jumamosi ile ile," akasema. "Nimekujua tangu Tanga, Fatehalibhai."

Nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Ulisema utalipa bili yote."

Nilitaka kumpiga. Nikamkumbatia. Kisha nikataka kumpiga tena.

Nazlin alituletea bata mzinga amefungwa kwenye foili, tukala kwenye viti vya plastiki. Daktari alipotoka na kusema farasi ameponea chupuchupu, Ghulamabbas alilia waziwazi. Mimi ilikuwa pilipili.

Jumamosi, 1 Novemba

Waziri amerudi bandani. Ana mshono tumboni mrefu kama zipu ya begi na anapewa majani kidogo kidogo. Ananitazama kana kwamba upasuaji lilikuwa wazo langu. Kampuni imelipa sehemu yake bila maneno mengi, na katika bima mpya tumbo limetolewa. Nilisema! Ghulamabbas anasema farasi yu hai. Kweli, yu hai, lakini nilisema.

Shenaz akaniuliza kwa heshima kama Masa amejifunza chochote. Nikamjibu nimejifunza mengi.

Sasa daktari anasema Waziri asikae peke yake wakati anapona, wanyama wanataka wenzao. Nami nimeshapata mwenzake: punda anauzwa Milton, mzuri, macho ya upole, bei ya kutupa. Anakohoa. Akitembea tu. Na akisimama, kidogo. Muuzaji anasema ni vumbi.

Mpango uko hivi: namkatia bima kwanza. Daktari namwita baadaye, aje kukigundua kikohozi yeye mwenyewe, nami nishangae. Nimejaribu uso wa mshangao kwenye kioo, si mbaya.

Nusu ya punda nimemwuzia Ghulamabbas kwa simu. Kesho punda analetwa bandani, naye anakuja kumwona. Nitawasha redio, kwa sauti ya juu.