Milipuko ya Mbali na Kazi ya Kukaa Kitini

Jumatatu, 8 Julai 2024
Mgongo! Miezi saba napandisha mawe hapa Bigwa, tunamjengea Dokta Margareth kibanda cha darubini. Ni mhadhiri wa mambo ya nyota. Leo ametangaza kwamba kibanda kikiisha, kibarua mmoja atabaki mlinzi. Kazi ya kukaa kitini! Sharti awaeleze wageni picha za ukutani. Jumamosi wanakuja wanafunzi, na atakayewaeleza vizuri zaidi ndiye. Niliishia la sita kule Urambo, lakini kusoma najua.

Mpinzani ni mmoja tu, Mwinshehe. Akiandika jina lake anatoa ulimi. Tena ni mtani wangu. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi, na makabila haya ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo yeye anaruhusiwa kunitukana na mimi siruhusiwi kununa. Nani alipitisha sheria hii?

Jumanne, 9 Julai
Nimekariri. Nyota kubwa mno ikifa, inaweza kutoa mlipuko wa miale ya gamma. Kwa sekunde chache inang'aa kuliko galaksi yake nzima. Halafu kimya. Ukipita sekunde mbili huitwa mrefu, usipofika huitwa mfupi. Galaksi zinazopata milipuko hiyo mirefu, nyingi ni ndogo, hafifu, za buluu, hazina umbo la kueleweka, zina uhaba wa chuma na oksijeni, lakini zinazaa nyota kwa fujo. Zile kubwa zilizoshiba, mara chache.

Nimekasirika. Hata huko juu mabomu yanawaangukia wanyonge! Nimemuuliza Dokta alaumiwe nani. Akasema hakuna wa kulaumiwa, ila nyota yenye uhaba huo hufika kifo chake ikiwa bado inazunguka kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo huleta mlipuko. Jibu la wakubwa.

Alhamisi, 11 Julai
Mwinshehe amechukua karatasi yangu ya kukariria, amefungia dagaa! Nikaidai. Akasema mtani, vyako si vyangu? Vibarua wote wakacheka. Basi nimemnong'oneza kwamba wanafunzi wamesogezwa hadi Jumapili. Amenishukuru, akanipa ndizi. Mjinga!

Jumamosi, 13 Julai
Wanafunzi arobaini, na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Pazi. Nilianza vizuri. Ndogo, hafifu, hazina umbo. Wakapiga miayo. Mara sauti ya Mwinshehe mlangoni: "Shikamooni wazee! Wanangu, msihangaike. Galaksi hizo ni Wanyamwezi! Wadogo, hawana umbo, chuma hawana, watoto kibao, na mmoja wao akikasirika dunia nzima inaona!"

Kicheko! Mtoto mmoja akauliza, na zile kubwa za zamani, zilizokwisha kuzaa? Mwinshehe akasema hao ni Waluguru, wametulia, na mlipuko wao ukija ni mfupi. Dokta akasema ndiyo, ingawa mifupi hutokea hata kwingine. Wakaandika wote! Kwangu hakuna aliyeandika hata nukta.

Kumbe Mzee Pazi ni mjomba wake Mwinshehe, na ndiye aliyemwambia siku ya kweli. Na kwa Waluguru mjomba ndiye kila kitu.

Nikainua kiti cha mlinzi, nikamrushia. Kikampita, kikavunjika ukutani. Mzee Pazi akasema mtani hakasirikiwi, nilete jogoo wa faini. Dokta akasema hawezi kumwachia darubini mtu anayerusha viti. Kazi amepewa Mwinshehe.

Jumatatu, 15 Julai
Mawe. Mwinshehe amepata kiti kipya, na kila nikipita ananiamkia: "Galaksi, hujambo?"

Lakini Dokta anaanza kibanda cha pili, Mlali. Jumatano atachagua mlinzi, na anataka mtu mwenye subira. Nimeshaliona kosa langu: nilikariri ukurasa mmoja tu. Sasa nakariri kitabu kizima. Wenzangu nimewaambia uchaguzi ni Alhamisi. Na siku hiyo nitakuwa mpole kabisa, kama maji ya mtungi.

Atakayecheka, nampiga sepeto.