Koti la Kumfuata Bwana Nderitu Mtoni

Jumatatu, 19 Aprili 1971

Mzee Simeon, karani mkuu wetu, amestaafu na kurudi kwao Othaya kuchuma majani chai. Kiti chake kiko wazi. Lazima kiwe changu.

Njia nimeiona. Bwana Nderitu, mkubwa wetu, alirithi ofisi ya Mzungu, nyumba ya Mzungu na fimbo za Mzungu za kuvulia samaki aina ya trauti. Kila Jumamosi alasiri yuko mto Chania, hata mbingu zikimwagika. Leo alituambia anataka karani mkuu asiyekimbia mvua. Kisha akatualika mtoni Jumamosi hii, mimi na karani mwenzangu Moffat.

Moffat akatabasamu. Ana koti la mvua la manjano kutoka Nairobi, lenye kofia yake. Mimi nina sweta.

Gaudencia, mpiga taipu wetu, hakualikwa. Ni mtu wa Kakamega na samaki anawajua kwa kula tu. Nimemwachia ripoti yangu ya mwezi aimalizie, maana mimi kuanzia leo nina kazi kubwa zaidi. Nitapata koti la kumshinda Moffat.

Jumanne, 20 Aprili

Nailoni! Mke wangu, Mama Watiri, hufunika maharagwe yake sokoni kwa karatasi kubwa ya nailoni. Nimeikata tundu la kichwa katikati nikaivaa, nikasimama uani kwenye mvua. Halikuingia hata tone. Nilijisikia mkubwa.

Kisha nikatembea. Nailoni ilipiga kelele kwa kila hatua. Kuku wote wa Skuta, mtaa wetu hapa Nyeri, walikimbilia chini ya ghala na ng'ombe wa jirani akakata kamba. Nimekumbuka kusikia kwamba trauti husikia hata mguu wa mtu ukingoni. Nailoni haifai.

Mama Watiri aliuliza ni nani aliyeniruhusu kukata karatasi yake. Nilimjibu kwamba mke wa karani mkuu hauzi maharagwe. Akasema leo yeye bado ni mke wa karani mdogo, na maharagwe yake yamelowa.

Jumatano, 21 Aprili

Kama siwezi kupata koti, nitamharibia Moffat jina. Niliingia kwa Bwana Nderitu na faili tupu mkononi. Nikamweleza kwa upole kwamba wavuvi wa kweli hawavai manjano, maana samaki huliona koti hilo toka mbali wakatoroka, na kwamba mtu wa koti la manjano ni mtu wa kujionyesha tu. Alilifungua faili langu, akalifunga, akanirudishia. Naona nimemgusa.

Gaudencia aliuliza hesabu za ukurasa wa tatu wa ripoti ziko wapi. Nikamwambia azitafute.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimelipata! Kwenye mnada wa vitu vya Mzungu mmoja anayerudi kwao, nimejipatia koti la turubai, zito, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, lenye mifuko ya kutia samaki. Rangi ya majani makavu. Trauti hawezi kuliona na Moffat hawezi kupata jingine.

Jioni nililijaribu kwenye mvua. Linavuja. Linavuja mabegani, mgongoni, na kwa namna nisiyoielewa linavuja kutoka chini kwenda juu. Nimekaa jikoni nikitetemeka. Sikati tamaa.

Ijumaa, 23 Aprili

Jibu lilikuwa kwetu siku zote. Marehemu nyanya yangu alikuwa na vazi la ngozi alilolipaka mafuta, na mvua ya Nyeri ilikuwa ikimteleza kama maji juu ya jani la nduma. Wazungu wana viwanda, sisi tuna akili.

Nimekwenda kwa mchinjaji nikachukua mkia mzima wa kondoo, mafuta matupu. Nikauyeyusha kwenye sufuria, nikalipaka koti ndani na nje, mara mbili. Maji nikiyamwaga juu yake yanakimbia. Nimeshinda.

Mama Watiri alichungulia mlangoni, akaziba pua. “Baba Watiri,” akasema, “hiyo koti iko na harufu. Kesho unaenda kuvua ama unaenda kuchomwa?” Nikamwacha. Wivu upo hata katika ndoa.

Jumamosi, 24 Aprili

Naandika nikiwa kitandani, mguu umefungwa kitambaa.

Nilitoka nyumbani saa nane, mvua ikinyesha kweli kweli. Mbwa wa kwanza alinifuata hapo Skuta. Nikadhani ni urafiki. Nilipofika daraja la Chania walikuwa kundi, na mmoja alikuwa akilamba koti huku tukitembea.

Bwana Nderitu alikuwa amefika. Amevaa koti la manjano. Moffat kando yake, koti la manjano. Walionekana kama baba na mwana. Nilisalimia nikasimama mbali kidogo, nikiwapiga mbwa teke kwa siri.

Kwa kweli sikulowa. Naliandika hilo kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema. Moffat alikuwa na mafua, mimi nilikuwa mkavu kabisa. Ndipo fimbo ya Bwana Nderitu ikapinda. Trauti mkubwa ajabu! Alimvuta polepole mpaka karibu na ukingo, akaniomba nimshike kwa wavu. Nikainama. Mbwa wakaona mgongo wangu umefika kimo chao.

Tulianguka majini wote, mimi na mbwa, na mguu wangu ukagonga jiwe. Uzi ukakatika. Samaki akaenda. Moffat akacheka mpaka akateleza, akavunja fimbo nyingine ya Bwana Nderitu kwa makalio. Hilo ndilo jema pekee la leo. Bwana Nderitu aliondoka bila kuaga.

Jumatatu, 26 Aprili

Kiti kimepata mwenyewe. Si mimi. Si Moffat. Ni Gaudencia.

Kumbe Jumamosi mvua ile ile iliingia ofisini kupitia paa. Gaudencia alikuwa bado mezani akiimalizia ripoti yangu. Badala ya kukimbia, alisimama akishika mwavuli wake juu ya kabati la mafaili mpaka mlinzi alipoleta turubai. Hakuna karatasi iliyolowa. Bwana Nderitu alitueleza hayo yote akinitazama mimi, kisha akaniuliza kama nimejifunza kitu.

Nimemjibu kwamba nimejifunza sana, na ni kweli. Wiki nzima nimehangaika na nailoni, turubai na mafuta ya kondoo, kumbe mkubwa huyu anapenda mwavuli!

Nimesikia msaidizi wa karani mkuu naye atatafutwa. Jioni hii nimeongea na Gatimu, seremala. Atanifungia mwavuli mgongoni kwa mkanda na mti, nibaki na mikono yote miwili ya kushika fimbo. Ameuliza nikikutana na upepo itakuwaje. Watu wengine hawana imani.