Baba Mkwe Alisahaulika, Hakuachwa

Ndugu Mhariri wa Vipindi,

Natumaini barua hii itakukuta studioni ukiwa na afya, sauti na muda. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, nakaa ghorofa ya pili juu ya duka la dawa, na ndiye yule ambaye kipindi chenu cha asubuhi, "Tuamue Pamoja", kimekuwa kikimtaja kwa wiki tatu mfululizo kama "mkwe wa kwenye gari". Nakuandikia kwa heshima zote nikiomba mjadala huo ufungwe, na ufungwe ukiwa umeangukia upande wangu.

Kwa faida ya msikilizaji aliyekuwa safarini, au aliyebahatika kuharibikiwa na redio, naomba kwanza nieleze kilichotokea.

Jumanne ile mke wangu aliniomba nimpeleke baba yake kwa daktari wa macho. Baba ni mwalimu mkuu mstaafu. Amefundisha shule kumi na moja, na kila uhamisho anausimulia kuanzia barua ilivyofika mpaka nani alibeba kitanda. Alikaa kiti cha nyuma, maana anasema mwalimu mkuu hakai mbele na dereva. Tulipotoka getini alikuwa shule ya kwanza. Tulipofika kwenye taa za barabarani alikuwa shule ya tatu, anagombana na mtunza stoo kuhusu chaki. Mimi nikapita duka la vipuri kuchukua kapasita ya feni ya mteja. Nikaegesha, nikaingia, nikakuta foleni, muuza vipuri akaniuliza habari za mpira, nikamjibu. Zikapita dakika thelathini na tano. Jua lilikuwa la saa saba mchana, gari langu ni jeusi, na kiyoyozi chake kimekufa huu mwaka wa tatu. Najua, Mhariri. Mimi ni fundi viyoyozi. Hilo watu wameshalicheka la kutosha, tuendelee.

Mlinzi wa duka, dada mmoja mwenye macho makali, alipita kwenye maegesho akaona mzee aliyevaa sweta nyuma ya kioo, kichwa kimelala begani, jasho linamtiririka. Akagonga. Mzee akaamka, akavuta kitasa, mlango ukagoma. Dada akaufungua kwa nje, akamtoa, akamkalisha kivulini, kisha akapiga ukelele ulionitoa dukani mimi, muuza vipuri na foleni nzima. Moyo ulinishuka mpaka kwenye soli za viatu. Baba alikunywa chupa tatu za maji, akavuta pumzi, akanitazama usoni, akasema, "Basi yule mtunza stoo akaniambia chaki zimeisha." Zahanati walimpima presha wakasema ni nzuri kuliko yangu.

Mambo yangeishia hapo. Lakini kuna mtu alipiga picha za video, na asubuhi yake ninyi mkauliza hewani swali moja, wasikilizaji walipigie kura: ajali au makusudi? Toka siku hiyo sina raha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wataalamu wenu. Wa kwanza kupiga simu alijitambulisha kuwa ni mtaalamu kwa sababu aliwahi kujifungia stoo ya jikoni mwenyewe. Wa pili alikuwa fundi vitasa, mkampa robo saa nzima azungumzie kitasa cha usalama wa watoto kilichokuwa kwenye mlango wangu wa nyuma. Akauliza kwa sauti ya huzuni, "Mzee wa miaka sabini na minne anafungiwa kitasa cha watoto, kwa nini?" Kwa sababu nina kitinda mimba wa miaka minne ambaye kila gari likisimama hufungua mlango asalimie watu, ndiyo maana. Kitasa hakisomi cheti cha kuzaliwa.

2. Jaribio la siagi. Mwandishi wenu aliegesha gari juani, akaweka ndani siagi, mshumaa na nyanya, akawa anatangaza moja kwa moja kama mechi. "Siagi imelegea! Siagi imeisha!" Watu walilia majumbani. Mhariri, siagi si baba mkwe wangu. Siagi haina sweta, haina pensheni na haijawahi kukaripia mtu yeyote akarudi nyuma hatua tatu. Nyanya, nilisikia mwenyewe, ilitoka nzima, ila hamkuisema tena. Kwa nini mnaficha habari za nyanya?

3. Kinyozi wetu ameandika "Ajali" kwenye kiti kimoja na "Makusudi" kwenye kingine, na wateja hukaa kulingana na msimamo. Kiti cha Ajali kilikuwa na vumbi. Nilikaa mimi, peke yangu, akaninyoa kwa mkono mmoja kwa sababu ule mwingine ulikuwa umeshika simu anawapigia ninyi kura ya makusudi. Ndiyo sababu upande wangu wa kushoto uko hivi ulivyo.

4. Kazi yangu. Wiki jana nimeitwa na mama mmoja friza yake inavuja. Nilipoingia na mkoba wangu, alihesabu watoto wake, akahesabu tena, akamshika mkono bibi aliyekuwa amejipumzikia kwenye kochi, akampeleka kwa jirani. Bibi alikuwa ananiangalia kama naondoka naye. Nikatengeneza friza katika nyumba tupu, na nilipomaliza hapakuwa na mtu wa kumwambia imepona.

5. Jirani wa ghorofa ya tatu alisema hewani kuwa Baba akianza kusimulia mimi huguna, na kwamba mguno huo unapenya dari mpaka kwake. Anauita "dalili". Mimi ni fundi wa hewa. Kuvuta na kutoa ni sehemu ya kazi.

6. Mmejadili kila kitu isipokuwa ujuzi wangu. Miaka kumi na tisa natengeneza ubaridi. Najua gesi zote, najua friza za bucha zinazokaa mtu mzima na kiti chake. Sasa fikirini kwa utulivu: kama ningekuwa na nia mbaya na mzee wa watu, ningetumia joto? Kitu nisichokisomea? Fundi anayejiheshimu hawezi kufanya uovu nje ya fani yake. Hoja hii niliituma kwenu kwa simu, mkaisoma polepole sana, mkaweka muziki wa kutisha chini yake, na jioni hiyo kura za makusudi zikafika asilimia themanini na moja.

7. Nikaona nilete ushahidi kwamba mimi ni msahaulifu wa kuzaliwa. Nimewahi kusahau ngazi kwa mteja, nikasahau mteja ni nani. Pete ya ndoa iko ndani ya friji ya mtu fulani mpaka leo, inapoa. Na mwaka juzi nilimsahau mke wangu kituo cha mafuta. Alishuka kununua maji, mimi nikaondoka, nikaongea naye njia nzima nikidhani amekasirika hanijibu. Nilimwomba mke wangu athibitishe hewani. Alithibitisha kwa dakika ishirini. Nilitarajia ingenisaidia. Badala yake mtangazaji wenu akasema, "Kumbe ni tabia yake," na mlinzi wa lile duka la vipuri, ambaye sasa mnamwita Shujaa na ana muziki wake wa kumtambulisha, akashauri abiria wangu wote wawe wanavaa filimbi shingoni.

8. Hili ndilo kubwa. Mlimwalika Baba mwenyewe studioni. Mimi nikafunga kazi, nikakaa karibu na redio na watoto, nikijua leo mwenye mwili ataongea na yataisha. Mtangazaji akamuuliza, "Mzee, ilikuwa ajali au makusudi?" Baba akakohoa. Akasema, "Swali zuri sana. Ili tulijibu, hatuna budi kurudi pale nilipopangiwa shule ya kwanza." Kipindi kiliisha akiwa shule ya nne. Mkamwalika tena Alhamisi. Akafika ya saba. Mtangazaji alipomkatiza kwa unyenyekevu kumkumbusha swali, akajibiwa, "Mtahiniwa hasahihishi mtihani wake. Kaa chini." Nikasikia kiti kikilia, mtangazaji alikaa kweli.

Sasa Baba ni mtu maarufu. Kila asubuhi anakisalimia kioo. Wageni wakija anawapeleka chini kuwaonyesha gari, anaingia kiti cha nyuma, analaza kichwa begani wapige picha. Nilimuuliza faraghani, "Baba, wewe binafsi unaamini nini?" Akaniambia usingizi ule ulikuwa mtamu kuliko wote toka astaafu, na kwamba uchunguzi bado unaendelea.

Na mke wangu, Mhariri, hajasema yuko upande gani. Ananiandalia chakula kama kawaida, ila sahani anaiweka mbali nami kidogo kuliko zamani. Nimepima. Ni kiganja kimoja. Asilimia themanini na moja ya wasikilizaji wenu naweza kuwavumilia, maana siwajui na hawanijui. Kile kiganja kimoja ndicho kimenikalisha nikachukua kalamu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na ninaamini hayana gharama kwa kituo chenu:

Kwanza, mtangaze kwamba ilikuwa ajali, kila saa, baada ya hali ya hewa.

Pili, yeyote anayetaka kupiga kura ya makusudi apande kwanza gari na Baba kutoka shule ya kwanza hadi ya kumi na moja, vioo vikiwa juu, bila kuguna. Akifika mwisho akiwa bado anakumbuka anakwenda wapi, kura yake ihesabiwe mara mbili. Mtangazaji wenu aanze, yeye tayari ana saba.

Tatu, kwa kuwa kosa langu ni kusahau, na kwa kuwa nchi nzima husahau, kila raia aorodheshwe pamoja na vitu alivyowahi kusahau, orodha zibandikwe hadharani, na ambaye hana chochote aje kunihukumu. Nitamkaribisha chai. Nikikumbuka.

Nne, kama hayo yote yatashindikana, Baba apewe kipindi chake mwenyewe, chenye urefu wa saa nne kila siku, asubuhi na marudio jioni. Siombi hili kwa manufaa yangu. Naliomba kwa ajili ya elimu.

Nimalizie kwa kusema kwamba mimi nampenda mzee yule. Ndiye aliyenipa binti yake wakati sina hata bisibisi, na siku ya posa alisema jambo moja tu kunihusu, kwamba nasikiliza vizuri. Mtu wa namna hiyo humuachi juani. Unamsahau, kwa bahati mbaya, kama binadamu.

Nisalimie mtangazaji wa asubuhi, mwambie sasa anaweza kusimama. Msalimie fundi mitambo anayepandisha muziki wa kutisha, msalimie mama wa mapokezi aliyenikatia simu mara sita kwa upole, na wasikilizaji wote, wa pande zote mbili, hasa wale kumi na tisa katika kila mia, ambao ningependa siku moja niwaone sura.

Wako mwenye kumbukumbu mbovu na dhamiri safi,

Fundi Viyoyozi,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha nimempa mke wangu barua hii aisome, aniangalizie makosa ya herufi. Amesoma yote, amesahihisha neno "pensheni", kisha ameniuliza swali ambalo ninyi hamkuniuliza kwa wiki zote tatu: "Pale dukani, uliposhuka, mlango wako uliufungaje?" Nikamjibu papo hapo, bila kufikiri, kama mtu anavyojibu jina lake, "Taratibu, nisimwamshe."

Nimejaribu kusema kwamba nilitaka dakika tano tu za kusikia foleni inavyosema, kisha yale mazungumzo ya mpira yakanichukua nikasahau kweli. Mke wangu alikuwa anaangalia mlango wa sebuleni, ambako Baba alikuwa amesinzia kwenye kochi akiwa shule ya tano. Halafu amesogeza kiti chake karibu na changu, akaninong'oneza, "Mimi nikimpita huwa navua na viatu, asiamke."